Usukani na Mazoea ya Mkono: Kutoka Maji ya Rufiji Hadi Barabara ya Kibiti

Wahenga wametuachia usemi mfupi wenye uzito mkubwa: mazoea yana taabu. Aghalabu watu huutumia wanapozungumzia urafiki uliovunjika au mji uliohamwa. Sisi tumeujua ukweli wake mahali ambapo wengi hawatarajii kuukuta, nao ni kiti cha dereva, nyuma ya usukani wa gari. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi mikono ya watu wetu wa delta ya Rufiji na wa Kibiti ilivyofundishwa, ikafundishwa upya, na ikatakiwa kufundishwa tena, kila chombo kipya kilipoingia nchini. Huenda msomaji akauliza, je, hilo nalo ni jambo la utamaduni? Tunajibu kuwa ndilo. Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Umo pia katika yale ambayo mwili wa mtu huyafanya bila kumwuliza mwenyewe.

Tuanze na mkono. Katika Kiswahili jina lenyewe la mkono wa kulia limebeba kazi yake, kwani ndio mkono wa kulia chakula. Wengine huuita mkono wa kuume, na ule wa kushoto huitwa mkono wa kike. Mtoto hufundishwa mapema kupokea, kutoa na kula kwa mkono wa kulia, na akisahau hukumbushwa na mama, na shangazi, na hata jirani apitaye. Afikapo umri wa kwenda shule, mkono wake umekwisha kujua adabu kabla kichwa chake hakijajua sababu. Hivyo ndivyo mazoea yanavyojengwa: huanza kama agizo la mkubwa, na huishia kuwa tabia isiyohitaji agizo. Jambo hili la adabu ni sawasawa na jambo la uendeshaji wa chombo. Tofauti ni kwamba aliyekosea adabu ya chakula huaibika tu, na aliyekosea chombo huweza kuua.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mto Rufiji, baada ya kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hushuka hadi pwani, na ukaribiapo Bahari ya Hindi hugawanyika katika matawi mengi. Katikati ya matawi hayo imeota misitu ya mikoko yenye eneo la hekta zipatazo 53,000, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika Afrika ya Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za misitu hiyo zilipakiwa katika majahazi na kupelekwa Uarabuni na Ghuba, nchi zisizokuwa na miti ya kujengea. Watu wa Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala hawakuhitaji barabara, kwa kuwa maji yalikuwa ndiyo barabara yao. Mtumbwi uliendeshwa kwa kafi au kwa upondo. Mashua na jahazi viliendeshwa kwa tanga, na vyote viwili viliongozwa kwa usukani uliofungwa nyuma ya chombo.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Usukani wa jahazi ni ubao uliomo majini, na mshika usukani huugeuza kwa mti uitwao kana. Kana husukumwa kinyume cha mahali mtu anapotaka kwenda. Ukiisukuma kulia, chombo hugeuka kushoto. Ukiisukuma kushoto, chombo hugeuka kulia. Mgeni akikabidhiwa kana kwa mara ya kwanza hupeleka chombo katika mikoko, kwa sababu akili yake humwambia kuwa mkono ukienda huku, chombo nacho kiende huku. Mtoto wa delta hana shida hiyo. Amekaa nyuma ya baba yake tangu hajaota meno ya pili, na kinyume hicho kwake si kinyume, bali ndivyo dunia ilivyo. Hata leo, boti zilizofungwa mashine nyuma huongozwa vivyo hivyo: mkono wa mashine husukumwa kulia, nayo boti ikaenda kushoto.

Lugha yetu inatupa ushahidi mwingine wa nguvu ya maji katika historia yetu. Gari lilipokuja halikupata maneno yake yote kutoka kwa wale waliolileta. Neno usukani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la baharini, likapewa gurudumu la kuongozea gari. Nauli ilikuwa malipo ya chombo cha baharini, nasi leo twailipa katika basi. Abiria alikuwa wa jahazi, leo ni wa daladala. Rubani alikuwa mwongozaji wa meli katika njia za hatari, leo amepanda juu na kuendesha ndege. Sheria zetu nazo huliita gari chombo cha moto, kama kwamba hata katika nchi kavu tungali tunasafiri majini. Kutoka India tulipata neno gari lenyewe. Kutoka kwa Waingereza tulipata dereva, breki, gia, klachi, indiketa na leseni. Na zaidi ya hayo tulipata neno lenye kuchekesha kidogo, kipilefti, ambalo asili yake ni tangazo la Kiingereza lililomwamuru dereva ashike upande wa kushoto. Watu wetu waliliona tangazo hilo kwenye mizunguko ya barabara, wakadhani ndilo jina la mzunguko wenyewe. Amri ya mtawala ikageuka kuwa jina la mahali.

Hilo latupeleka kwenye swali la upande. Kwa nini Mtanzania huendesha upande wa kushoto, akakaa kulia mwa gari? Si kwa sababu ya maumbile, wala si kwa sababu ya dini au mila ya Kiafrika. Ni kwa sababu Waingereza walikuwa na desturi hiyo kwao, na walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza waliendesha nchi hii kama walivyoendesha Kenya, Uganda na Unguja. Jirani yetu Msumbiji alitawaliwa na Wareno. Ureno yenyewe ilihamia upande wa kulia mwaka 1928, ila Msumbiji ilibaki kushoto, kwa kuwa ilizungukwa na makoloni yaliyoendesha kushoto. Upande wa magharibi, Kongo, Rwanda na Burundi, zilizotawaliwa na Wabelgiji, zilishika kulia. Kwa hiyo lori litokalo Dar es Salaam likivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, dereva hubadili upande wa barabara pale pale mpakani, naye yungali amekaa kwenye kiti kile kile cha kulia. Mpaka uliochorwa na wakoloni hauonekani katika ramani tu, bali huonekana pia katika mabega ya dereva anayejinyoosha ili aone mbele ya lori lililomtangulia.

Turudi Rufiji. Vita Vikuu vya Kwanza viliifikia delta kabla ya magari kuizoea. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika matawi ya mto huo mwaka 1914, na ikaangamizwa na Waingereza mwezi Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu ikatumiwe vitani. Waingereza nao, walipoingia Tanganyika, walikuja na magari madogo ya Ford. Mvua za Rufiji hazikuyahurumia magari hayo. Yalizama katika tope, na mzigo ukarudi vichwani mwa wapagazi, wale wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo. Wengi wao hawakurudi makwao.

Magari hayo ya Ford yana somo kwetu. Yalikuwa na pedali tatu, kama magari mengi ya leo, lakini kazi zake zilikuwa nyingine kabisa. Pedali ya kushoto iliingiza gia ya polepole na ya kasi. Ya katikati ilirudisha gari nyuma. Ya kulia ilikuwa breki. Mafuta hayakukanyagwa kwa mguu, bali yaliongozwa kwa kijiti kidogo kilichokuwa chini ya usukani. Mtu wa leo akipandishwa gari hilo, akataka kuongeza mwendo, angekanyaga breki. Akataka kusimama, angerudi nyuma. Baadhi ya magari ya Ulaya ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili yaliweka pedali ya mafuta katikati, na breki kulia. Ni dhahiri basi kwamba mpangilio tunaoudhani ni wa milele, yaani klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, ni mapatano tu ya watengenezaji. Nayo mapatano yana bahati njema, kwa kuwa yamekubaliwa karibu dunia nzima, gari liwe na usukani kulia au kushoto.

Ila si kila kitu kilipatiwa mapatano. Katika siku za mwanzo dereva aliyetaka kupinda alitoa mkono wake nje ya dirisha. Kwetu, kwa kuwa hukaa kulia, mkono uliotoka ulikuwa wa kulia, na wa kushoto ukabaki na gia. Taa za kumweka zilipoenea, kijiti chake kiliwekwa kwenye shingo ya usukani, nalo swali likazuka: kiwe upande gani? Watengenezaji wa Japani, nchi iendeshayo kushoto kama sisi, walikiweka kulia, na waipa wakaipeleka kushoto. Mpangilio huo una hekima yake. Mkono wa kushoto ukiwa kwenye gia, wa kulia una nafasi ya kuwasha indiketa. Watengenezaji wa bara la Ulaya walikiweka kushoto kwa hekima ile ile, maana kwao dereva hukaa kushoto, gia iko mkono wake wa kulia, na wa kushoto ndio wenye nafasi. Kasoro ilitokea walipotengeneza magari ya kuuza katika nchi zetu. Waliuhamisha usukani, wakahamisha na pedali, ila vijiti wakaviacha vilipokuwa. Magari mengi ya Kiingereza yaliyokuwa na indiketa upande wa kulia nayo hatimaye yalifuata desturi ya bara la Ulaya. Hivyo dereva wetu akiwa katika gari la Ulaya hana budi kuwasha indiketa na kuingiza gia kwa mkono mmoja, kwanza hiki, kisha kile.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 nchi yetu ilipokea magari kutoka pande nyingi za dunia. Yalikuwako ya Kiingereza yaliyoachwa na serikali ya kikoloni. Yalikuwako malori ya Fiat ya Italia yaliyopeleka mafuta Zambia katika miaka ya 1960. Yalikuwako mabasi ya Ikarus ya Hungary yaliyobeba abiria wa Dar es Salaam baada ya shirika la UDA kuundwa mwaka 1974, na malori ya Scania yaliyounganishwa Kibaha. Kisha, masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, hata yakawa ndiyo yaliyo mengi kabisa barabarani. Kila kundi lilikuja na mpangilio wake. Katika gari moja gia ya kurudi nyuma iko juu kushoto, jirani na gia ya kwanza. Katika jingine iko chini kulia. Katika jingine tena haiingii mpaka uibonyeze, au uinue pete iliyo chini ya kifundo. Mwanafunzi aliyehitimu katika gari moja na kukabidhiwa jingine ni kama mtu aliyejifunza kusoma kwa herufi za Kirumi, kisha akapewa barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lugha ni ile ile, ila jicho lianze upya.

Watu wa bonde la Rufiji waliingia katika mabadiliko haya kwa ghafla kuliko wengine. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima wengi kutoka bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya juu. Watu waliokuwa wakiamka na kuona mtumbwi mlangoni waliamka na kuona barabara. Kivuko cha Ndundu kiliendelea kuwa mlango wa kusini. Magari yalisubiri pantoni, na masika yalipokuwa makali yalisubiri siku kadhaa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilometa moja, na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilipotiwa lami sehemu baada ya sehemu, Kibiti ikawa njiapanda ya mabasi na malori. Vijana waliorithi kana walianza kutafuta leseni.

Wengi wao hawakupita chuoni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa mwaka 1975, na vyuo vya ufundi stadi vikaenea baadaye, lakini chuo kikuu cha dereva wa lori kwa miaka mingi kilikuwa ni utingo. Kijana alipanda lori kama utingo, akaweka vigingi chini ya matairi, akaosha, akafunga maturubai, na usiku barabara ilipokuwa tupu akaachiwa usukani kwa kilometa chache. Tusiudharau utaratibu huo. Ulifanana sana na ule wa jahazini, ambapo mtoto alianza kwa kukumba maji ndani ya chombo, akaishia kushika kana. Upungufu wake ni mmoja: utingo alijifunza lori moja, la mwalimu mmoja. Alilijua kama ajuavyo nyumba ya mama yake gizani. Alipoajiriwa kwenye lori jingine, giza likawa lile lile na nyumba ikawa nyingine.

Haya hatuyasemi kwa kusikia. Kwa miaka kumi na minne tuliendesha magari ya Japani katika utumishi wetu. Juma moja tulikabidhiwa gari la Ulaya. Aliyetukabidhi alitupa ufunguo na daftari la safari tutie sahihi, nasi tukatia. Hatukuuliza neno, wala hatukuambiwa neno. Jioni ya siku ya pili tulitoka Kibiti kuelekea kaskazini, tukakusudia kupinda kulia pale Bungu ili tufike Nyamisati kabla ya usiku. Tulipokaribia njiapanda, mkono wetu wa kulia ulishuka wenyewe kwenye kijiti na kukisukuma, kama ulivyofanya mara elfu nyingi. Taa haikumweka. Waipa ndizo zilizoanza kukwangua kioo kikavu. Macho yetu yakaenda kwenye kioo, mkono ukaanza kuhangaika na kijiti, na wakati huo huo mkono wa kushoto, nao kwa mazoea yake, ukawa umekwisha kuuelekeza usukani kulia.

Nyuma yetu alikuwako kijana mwenye pikipiki iliyopakiwa magunia mawili ya mkaa. Hakuona taa yoyote. Aliona gari lililopunguza mwendo, akadhani linampisha, akapita kulia. Tulisikia kishindo kabla ya kumwona. Kijana alivunjika mtulinga, na mkaa ukatapakaa barabarani. Tulimshukuru Mungu kwamba hapakuwa na lori lililokuja mbele. Tulipokwenda kumtazama hospitalini alitusalimu kwa heshima, kisha akatuuliza, "Mzee, mbona hukuwasha indiketa?" Tulimjibu kwamba tuliwasha, ila mkono wetu uliwasha indiketa ya gari lile tuliloliacha. Hakucheka. Msimu ule hakuweza kubeba mkaa, na nyumbani kwao walimtegemea yeye. Tulifanya tulichoweza kwa ajili ya matibabu na posho, lakini lipo deni ambalo fedha haililipi. Tulikuwa na leseni halali, hatukunywa kileo, hatukukimbiza gari. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kujua magari ni kulijua gari.

Siku chache baadaye tulifika Nyamisati, tukamsimulia habari hiyo mzee mmoja wa Msala ambaye ameshika kana tangu ujana wake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe hukukiuliza chombo." Akatueleza kwamba yeye akipewa mashua ya mtu, haitweki tanga kabla ya kuijua tabia yake. Humwuliza mwenyewe inavyokwenda, inaelemea wapi, na usukani wake ni mwepesi au mzito. Kisha huisukuma mbali kidogo na gati, akaigeuza kulia na kushoto mahali pasipo na watu. "Chombo hakioni haya kuulizwa," alisema, "anayeona haya ni nahodha."

Neno hilo lilitufanya tufikiri upya juu ya watu wa delta. Mtu wa Nyamisati hubadili sheria mara mbili kwa siku moja. Majini, kwa mujibu wa sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, chombo kipitacho katika mlango mwembamba hutakiwa kushika upande wake wa kulia, na vyombo viwili vya mashine vikikutana uso kwa uso kila kimoja hugeuka kulia. Akiteremka gatini na kupanda pikipiki kwenda Bungu, sheria ya nchi kavu humtaka ashike kushoto. Majini husukuma mkono kinyume cha aendako. Barabarani hugeuza usukani kuelekea aendako. Na bado hatusikii kwamba watu hawa hugongana kila siku. Siri yao ni nini? Tunaamini siri yao ni kwamba mabadiliko yenyewe ni makubwa na ya wazi. Maji si lami, na mwili hutambua kuwa umeingia katika hali nyingine. Hatari kubwa imo katika mabadiliko madogo, pale ambapo kila kitu kinafanana isipokuwa kimoja. Kiti ni kile kile, upande ni ule ule, pedali ni zile zile, ila kijiti kimehama. Hapo mkono haupati onyo.

Mataifa makubwa nayo yamewahi kulazimika kuufundisha mkono upya. Zamani, katika meli nyingi, amri ya kugeuza usukani kulia ilikuwa na maana ya kusukuma kana kulia, na hivyo meli ilikwenda kushoto. Desturi hiyo ilibaki hata baada ya meli kubwa kuacha kutumia kana ya mkono. Katika usiku ule wa mwaka 1912 ambapo meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu, amri iliyotolewa ilitaja upande wa kulia, na meli ikageuzwa kushoto, kama ilivyokusudiwa na waliozoea lugha hiyo. Mkutano wa kimataifa wa usalama baharini uliofanyika London mwaka 1929 ulikubaliana kwamba tangu hapo amri itaje upande inakokwenda meli. Ethiopia ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1964. Sweden ilifanya hivyo tarehe 3 Septemba 1967, baada ya matayarisho marefu ya kuwaelimisha wananchi wake. Kisiwa cha Okinawa, kilichokuwa kimeendesha kulia chini ya Wamarekani, kilirudi kushoto tarehe 30 Julai 1978 ili kilingane na Japani nzima. Wote hao walijua jambo moja, kwamba ishara ya barabarani huhamishwa kwa usiku mmoja, na mazoea huhamishwa kwa mafunzo.

Sisi hatuna haja ya kuhamisha upande. Yatosha tujue kwamba gari tulilopewa lina kwao, na kwao huko ndiko kulikopangwa vijiti vyake. Walimu wanaweza kuwaeleza wanafunzi wao jambo hili kama somo la historia, na pia kama somo la uhai. Dereva akipewa gari geni, na akae kwanza kabla ya kuwasha. Aguse indiketa, waipa, taa na honi, akizitaja kwa jina, mpaka mkono usikie. Aijaribu gia ya kurudi nyuma gari likiwa limesimama. Aitafute breki ya mkono, maana katika baadhi ya magari ya siku hizi imekuwa breki ya mguu. Kama gari halina klachi, na auweke mguu wa kushoto kando, asije akaukanyagia breki kwa nguvu aliyozoea kukanyagia klachi. Kisha azunguke kidogo mahali pasipo na watu, kama mzee wa Msala na mashua ya kuazima. Naye mwenye kukabidhi gari, awe ofisi au mtu binafsi, asitoe ufunguo pasipo maneno. Kazi yote hiyo haichukui hata robo saa.

Mwaka 2024 mafuriko yaliufunika tena uwanda wa Rufiji na Kibiti, na mahali palipopita pikipiki pakapita mitumbwi. Vijana waliokuwa wamezoea usukani wa gari walishika kafi na upondo, na baadhi yao walihitaji wazee wawaelekeze. Kwa hiyo elimu ya mkono haina mwisho, wala hairithiwi mara moja ikatosha. Kila kizazi hupewa chombo chake, na kila chombo kina tabia yake.

Yule kijana wa mkaa alipona, akarudi barabarani. Tulipoonana naye Bungu mara ya mwisho alikuwa na pikipiki nyingine, ya kuazima. Alituamkia, kisha kabla ya kuiwasha akainama, akagusa klachi, akagusa breki ya mkono na ya mguu, akawasha taa ya kulia na ya kushoto, akageuka nyuma kuhakikisha kwamba zinamweka. Hatukumwambia neno. Tulisimama kando ya barabara, upande wa kushoto, tukamtazama mpaka alipopotea.